Dereva wa Masista

Niliingia utawani kwa sababu ya kelele. Katika barua yangu kwa Mama Mkuu wa shirika niliandika mambo mengine, kwamba nimesikia sauti ya Bwana na kwamba natamani kuyatoa maisha yangu kwa ajili ya wengine, maneno ambayo katekista wetu alinisaidia kuyapanga. Hayakuwa uongo, ila yalikuja baadaye. Kilichotangulia ni kwamba nilizaliwa na kukulia Tunduma, hatua chache kutoka barabara inayoingia Zambia, na hadi nafikisha miaka kumi na tisa sikuwa nimewahi kumaliza wazo moja kichwani bila kukatishwa na honi ya lori.

Ilikuwa ile miaka ambayo biashara imefunguliwa na kila mtu mjini anauza kitu. Mama alikuwa na meza ya mitumba, na ili auze ilimbidi apaze sauti kuliko wenye meza za jirani, ambao nao walipaza kumshinda yeye. Jioni alirudi nyumbani na sauti ile ile, akaomba apewe chumvi kama anayemwita mteja aliyeko ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti ya nusu ya mji yaligongwa uani kwetu. Tulikuwa watoto wanane katika vyumba viwili.

Siku moja nikiwa mezani namsaidia mama, masista wawili walipita. Walivaa meupe, wakakatiza katikati ya wapiga debe na wabadilisha fedha na Wazambia waliokuja kununua sabuni, na hawakusema neno lolote. Watu wakawapisha. Hata wapiga debe walinyamaza kidogo. Niliwatazama mpaka wakapotea, nikawaza kwamba kumbe kuna watu duniani ambao kazi yao ni kunyamaza.

Baadaye niliishi nao wote wawili nyumba moja, na wakaniambia habari ya siku ile. Walikuwa wamegombana juu ya nani aliyeacha banda la kuku wazi, na hawakuwa wanaongeleshana tangu asubuhi. Lakini nilipoyajua hayo tayari nilikuwa nimeshaweka nadhiri.

Nilipomweleza mama kwamba nataka kuwa sista, alikuwa anakunja masweta. Hakuacha kukunja.

"Unamkimbilia Mungu," akauliza, "au unatukimbia sisi?"

"Namkimbilia Mungu, mama."

"Na huko kwake ukikuta watu wanapiga kelele?"

"Haiwezekani. Wale wanakaa kimya."

Mama akamgeukia mwanamke aliyekuwa ameshika sweta jekundu, akamwambia kwa Kibemba na kwa sauti ya kusikika hadi forodhani kwamba rangi ile imemkaa kama malkia.

Malezi nilipelekwa Ileje, milimani upande wa Ibaba, na lazima niseme kwamba miaka ile ilikuwa ya furaha. Ukungu ulishuka asubuhi ukafunika viazi, ng'ombe na kanisa, tukabaki tunasikia tu maji yakidondoka kwenye bati. Tulilima, tulifua kwa maji ya baridi inayouma mifupa, tulisali masifu, tukakaa kimya tangu baada ya sala ya jioni hadi baada ya misa ya asubuhi. Wenzangu waliteseka kwa huo ukimya. Mmoja wao alikuwa anaenda kuongea na nguruwe. Mimi nilinona. Sista mlezi wa wanovisi alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina roho ya sala, na niliamini, kwa sababu nilikuwa napiga magoti muda mrefu bila kuchoka na bila kuwaza kitu. Sikujua kwamba kutowaza kitu na kusali ni mambo mawili.

Tulipoweka nadhiri za kwanza, Mama Mkuu alikuja kutusomea vituo vyetu vya kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alisoma majina kama anayesoma matokeo ya mtihani. Huyu akasome uuguzi. Huyu chekechea ya Mbebe. Lilipofika jina langu alivua miwani.

"Wewe Tunduma," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtawa hapelekwi kwao. Hilo tulifundishwa tangu wiki ya kwanza.

"Najua ni kwenu," akaendelea. "Lakini tumepata gari kutoka kwa wafadhili, na yule dereva wetu ameacha kazi, amekwenda kuendesha malori ya Kongo. Simama."

Nilisimama.

"Mnaona?" akawaambia wengine. "Miguu mirefu. Itafika kwenye klachi."

Hivyo ndivyo Roho Mtakatifu alivyopita siku ile, kwa kupima miguu. Nilikuwa nimeweka nadhiri ya utii saa mbili tu zilizopita, mbele ya watu, kwa sauti, kwa hiyo nilisema ndiyo. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Sista mlezi alinifuata akaniambia kuwa Mungu ana mipango yake. Nikamwambia kwamba kama ana mipango angeniumba mfupi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dizeli, nyeupe, iliyokwisha kuendeshwa na watu wengine huko ng'ambo mpaka wakaichoka. Wa kunifundisha alikuwa mzee mmoja Mwislamu, jirani wa nyumba ya masista, aliyeendesha malori karibu maisha yake yote kutoka Dar es Salaam hadi migodi ya shaba, na sasa magoti yake yalikuwa yamekataa. Mama Mkuu alimwomba mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisisali kwa sauti ndani ya gari.

"Sista, mimi sina ugomvi na sala," alinieleza siku ya kwanza, tukiwa kwenye uwanja wa mpira wa shule. "Lakini ukisali kwa sauti huisikii injini. Na injini ikianza kuumwa, inakwambia yenyewe, mapema kabisa. Madereva waliokufa wengi walikuwa wanaongea."

"Nitanyamaza, mzee."

"Haya. Kanyaga klachi. Weka moja. Achia taratibu. Panono panono!"

Hilo ni neno la Kibemba la kumwambia mtu aende polepole, na nilichelewa kulitii. Pikapu iliruka mbele kama mbuzi, ikazima katikati ya goli. Mzee alishika dashibodi kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

"Kumbe na sala inaruhusiwa," akasema. "Kimoyomoyo."

Alinifundisha miezi minne. Alinifundisha pia kulala chini ya gari, kubadili fenibelti, kutoa upepo kwenye mfumo wa dizeli, kukata washa, kile kipete cha kuziba maungio yasivuje, kutoka ngozi ya kiatu kibovu pale washa inapokosekana. Alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yangu kunitaka nisikilize kitu kwa makini, dakika kumi, bila kusema neno, kisha nimweleze nilichosikia. Sista mlezi aliyafanya hayo kwa Maandiko na nilisinzia. Mzee aliyafanya kwa rejeta na sikusinzia hata mara moja.

Nikaanza kazi. Nilidhani ningewapeleka masista misani na kuwarudisha. Kumbe gari la masista ni gari la kila mtu. Nilishuka bondeni Ivuna kupeleka dawa kwenye zahanati yetu, na nikapandisha mlima na magunia ya chumvi, wagonjwa, kuku, walimu waliochoka kusubiri usafiri, na mara moja maiti ya bibi mmoja ambaye wanawe walikuwa wakibishana njia nzima azikwe wapi. Wafugaji wa kule chini walinizoea wakaniita Sista Dereva. Wazambia wa mpakani waliniita Ba Sista mukwai, kwa heshima zote, kisha wakaniomba lifti. Vazi langu jeupe lilikuwa na madoa ya grisi ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, na Mama Mkuu alipokuja kutembelea nyumba yetu alinikagua kuanzia shela mpaka viatu, akasema, "Unafanana na kitambaa cha fundi."

Masifu ya jioni niliyakosa siku nne kati ya tano. Nilikuwa nikirudi nawakuta wenzangu wanatoka kanisani na nyuso zilizotulia, na mimi masikioni bado injini inalia. Kila mwaka tulikuwa na mafungo ya siku nane, na padri wa mafungo, awe nani, lazima angefika kwa Marta na Maria, dada wawili, mmoja anahangaika na jiko na mwenzake amekaa miguuni pa Bwana. Padri akifika hapo masista wote wangenigeukia kwa huruma. Ilipofika mara ya sita nilianza kumchukia Maria. Nilijiuliza ni nani aliyempeleka sokoni.

Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kwenye usukani, na nadhiri za daima nimeshaweka, nilipokwama matopeni na Mama Mkuu.

Tulikuwa tunatoka Ivuna, masika, yeye na mimi peke yetu, na nyuma magunia mawili ya chumvi. Mahali ambapo wiki iliyotangulia palikuwa na barabara, palikuwa na uji mweusi. Niliingia kwa gia ndogo kama mzee alivyonifundisha, tukafika katikati, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Nilishuka. Nikachimba, nikakata matawi, nikayapanga chini ya tairi, nikajaribu tena, likazama zaidi. Hapakuwa na mtu wala ng'ombe karibu. Mama Mkuu alikuwa ameketi ndani akisali rozari, na kwa namna fulani huo utulivu wake ndio uliovunja kitu ndani yangu. Nilisimama dirishani kwake, tope hadi magotini.

"Mama, naomba ruhusa ya kuondoka."

"Kwenda wapi? Hakuna njia."

"Kwenda monasteri. Kwa wale watawa wanaokaa ndani tu, wanaosali. Niliingia ili nisali, Mama. Nimekuwa tanboi, utingo wa shirika hili. Mimi sisali. Naendesha."

Aliibusu rozari yake, akaiweka mfukoni. Akafungua mlango, akavua viatu na soksi, akavipanga juu ya dashibodi, akakunja vazi lake na kulifunga kiunoni kama mwanamke anayeingia mtoni. Sikuwahi kuona miguu yake kabla ya siku ile. Akashuka kwenye tope.

"Tutaongea," akasema. "Ingia ukanyage mafuta, mimi nitasukuma."

"Mama, wewe huwezi..."

"Sista, ni utii. Ingia."

Alisukuma. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, bega kwenye bodi. Tulitoka mara ya tatu, na tope lote ambalo tairi lilirusha lilimpata yeye, kuanzia shela. Nilipomwona kwenye kioo nilitaka kucheka na kulia, nikafanya yote mawili. Alipanda, akajifuta macho kwa leso. Tulipofika juu ya mlima, ndipo akasema: "Haya, nitawaandikia. Miezi mitatu ya kujaribu. Lakini usije ukaniambia kwamba mtu aliye matopeni hasali. Mimi pale nyuma nilimwita Mungu kwa majina ambayo hayamo kwenye litania."

Ruhusa ilichukua karibu mwaka mmoja kufika. Monasteri ilikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Sitaitaja, kwa sababu wenyeji wake hawapendi kutajwa. Nilipokelewa kwenye dirisha dogo lenye nondo, nikafunguliwa mlango mzito, ukafungwa nyuma yangu, na hapo nilisikia nilichokuwa nakitafuta tangu meza ya mitumba. Hapakusikika kitu chochote. Kisha kengele, na sauti za wanawake ishirini na watatu zikiimba kama sauti ya mtu mmoja. Nilipiga magoti palepale kwenye ukumbi. Nilijiona nimefika.

Siku nane nilikuwa mbinguni. Siku ya tisa pampu ya maji ilikufa.

Monasteri nzima ilitegemea kisima kimoja na pampu moja ya dizeli. Fundi alikuwa mjini, na fundi alikuwa amesafiri. Tulikuwa chumba cha kulia, tunakula kimya huku mmoja akisoma maisha ya mtakatifu fulani aliyeishi juu ya nguzo, nilipoona karatasi inapitishwa mkono kwa mkono kutoka meza ya Mama Abesi, mkuu wa monasteri, hadi kwangu. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana: *Tunasikia wewe unajua mashine.*

Laiti ningeandika hapana. Nilijiambia ni siku moja. Nilikwenda kisimani, nikainama, nikasikiliza. Upepo ulikuwa umeingia kwenye mfumo wa mafuta, na washa ilikuwa imechakaa. Nikatoa upepo, nikaomba kiatu kibovu cha ngozi, nikakata washa. Kabla ya sala ya jioni maji yalikuwa yanatoka. Watawa walisimama varandani wakapiga makofi bila sauti, viganja vikikutana taratibu kama mabawa.

Kesho yake karatasi nyingine ilikuja: *Jenereta.* Baada ya hapo ikaja mashine ya kusaga, cherehani nne, na trekta lililokuwa limesimama bandani tangu enzi za Mama Abesi aliyepita, likiwa limegeuka kiota cha kuku. Mwezi wa pili ulinikuta chini ya trekta hilo, nimelala chali juu ya gunia, mafuta yakinidondokea shingoni, na kutoka kanisani nyimbo za masifu zinanifikia kwa mbali. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuyafuata masifu na bado nilikuwa nayakosa.

Kulikuwa na nusu saa moja kwa siku ya kuongea, baada ya chakula cha mchana. Nilitegemea watazungumzia mambo ya roho. Siku ya kwanza mtawa mmoja mzee kuliko wote, mkongwe aliyepinda mgongo, alivuta kigoda chake mpaka karibu yangu akaniuliza: "Hebu tuambie Tunduma. Malori ni mengi kiasi gani?"

Nikawaambia habari za foleni. Nikawaambia habari za wapiga debe, za mama yangu na masweta yake, za wabadilisha fedha wanaokaa na mabulungutu kwenye vigoda. Walisogea wote. Walitaka kujua dereva anakula nini akikwama mpakani siku tano, analala wapi, mkewe anajuaje kama yu hai. Watawa waliokimbia dunia waliniuliza habari za dunia kwa uchu ambao sijauona hata kwa mwandishi wa gazeti, na mimi niliyekuja nyumbani kwao kuzikimbia kelele nilizisimulia kila siku, nusu saa nzima, kwa sauti ya mama yangu.

Yule mkongwe alinieleza sababu yake. Alipoingia monasteri akiwa msichana, walimpa nia ya kuombea maisha yake yote: wasafiri na madereva. Aliwaombea kila siku tangu hapo.

"Na mimi mwenyewe," alisema, "nimepanda gari mara mbili tu. Siku naletwa hapa, nyuma, juu ya magunia. Na siku nilipopelekwa hospitali, nyuma pia, nimelala. Sijawahi kukaa mbele. Sijui wanaona nini."

Sikuweza kulisahau hilo. Trekta lilipokubali kuwaka, nilikwenda kwa Mama Abesi nikamwomba ruhusa. Alifikiri muda mrefu kama watu wa pale wanavyofikiri, kisha akasema, "Ndani ya ukuta. Na polepole."

Trekta lina kiti kimoja tu, kwa hiyo nilimkalisha hapo, mimi nikasimama ubavuni nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kumshika yeye kwa mwingine. Alikuwa mwepesi kama furushi la nguo. Nikaweka moja. Tulipita shamba la mahindi, zizi la mbuzi, makaburi ya watawa, tukazunguka ukuta mzima. Shela lake lilipeperuka. Mwanzoni alifumba macho na kusali kwa midomo. Tulipofika kwenye mteremko wa kisimani aliyafumbua, akashika usukani kwa mikono yake yote miwili, akapiga kelele. Haikuwa ya hofu. Ilikuwa kelele ile ambayo wasichana wa kwetu wanapiga bembea ikifika juu.

"Ongeza!" akasema.

Nikaongeza. Mama Abesi, aliyekuwa ametusimamia mlangoni, aligeuka akaangalia upande mwingine.

Tulipomshusha, mkongwe alilipapasa trekta kwanza. Alinishika uso kwa viganja vyake vyenye mafuta sasa kama vyangu. "Kumbe barabara inakuja yenyewe," akasema. "Unakaa tu, inakuja. Miaka yote nilikuwa nawaombea wasichoke kuifuata."

Miezi mitatu ilipotimia, watawa walipiga kura juu yangu, kama kanuni yao inavyotaka. Mama Abesi aliniita. Kwa mara ya kwanza tuliongea kwa kirefu, uso kwa uso, bila karatasi.

"Wote wamekukubali," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekataa. Hilo ni nadra."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni kwa wiki kadhaa.

"Mama Abesi, mnanitaka mimi au mnamtaka fundi?"

Alicheka. Sikujua kwamba anacheka. "Mwanangu, mimi nilikuwa natamani kuwa mchoraji. Nilipofika hapa waliniuliza kama najua hesabu. Sasa ni mwaka wa thelathini." Akaniuliza: "Nikikuuliza ni lini ulisali vizuri ulipokuwa hapa, utanijibu nini?"

Niliona aibu, lakini nilimjibu kweli. Nilimwambia kwamba kanisani nilikuwa nikisikiliza pampu, kama bado inatembea sawa. Na vyumbani, ukimya ulipokuwa mzito kabisa, sikupata usingizi, nikawa najiimbia kimoyomoyo foleni ya malori ya Tunduma, moja baada ya jingine, mpaka nisinzie. Kusali nilisali siku moja tu, pale kwenye mteremko, nikiogopa yule bibi asije akaanguka.

"Basi umeshajijibu," akasema. "Lakini kabla hujaondoka, tuandikie kwenye karatasi namna ya kutoa upepo."

Sitaki mtu adhani kwamba nilirudi nikiwa nimeangaziwa. Nilirudi nimechoka, na ndani ya basi nilikuwa na hasira, kwa kuwa mtu anapokimbilia mahali kwa miaka kumi na kitu na kukuta ni pale pale alipotoka, haanzi kwa kumshukuru Mungu. Tunduma niliingia mchana. Honi zilikuwa zinalia kama kawaida. Nilitegemea zitanikera, nikajikuta nasikiliza lori moja lililokuwa linapita, nikajua breki zake zimekwisha.

Mzee aliyenifundisha alikuwa amefariki nikiwa monasteri. Nilikwenda kumpa pole mkewe kabla hata ya kufungua begi. Alinikaribisha mkekani, akaniambia kwamba siku za mwisho mumewe alikuwa akimuuliza kila aliyekuja kumwona, "Binti yangu amerudi? Gari linaendeshwa na nani?" Nilimwambia kwamba huko nilikokuwa kuna bibi aliyekuwa akiwaombea madereva tangu ujana wake, na kwamba nilimweleza habari za mzee. "Ni wa dini yenu?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Mwambie asante," akasema. "Alikuwa anarudi salama kila safari. Nilikuwa nashangaa, maana alikuwa anakimbiza mno."

Gari lilikuwa linaendeshwa na sista kijana aliyepata leseni chuoni, na alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi, jambo ambalo lilinichukua muda kulisamehe. Nilikwenda kwa Mama Mkuu kupokea kituo kipya. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, ameiweka juu ya stuli.

"Nimepokea barua ya Mama Abesi," akasema. "Anakusifu. Katika shirika letu hakuna mwingine aliyewahi kuishi na wamonaki miezi mitatu. Utakwenda Ileje, uwafundishe wanovisi sala."

"Mama, mimi kule nilikuwa natengeneza pampu."

"Unyenyekevu kama huo ndio tunaoutaka."

"Mama, ni kweli. Pampu, jenereta, na trekta."

"Nimekusikia, Sista," akasema, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa kicheko. "Nenda."

Nilipanda tena milimani, kwenye ukungu na viazi. Wanovisi walikuwa saba. Siku ya kwanza waliketi mbele yangu na madaftari mapya, na nyuso zile zilizonyooka ambazo nazifahamu, kwa sababu niliwahi kuwa na uso kama huo. Msichana mmoja kutoka Mbebe alinyoosha mkono.

"Sista, kule monasteri ulijifunza nini kuhusu sala?"

Niliamua nisiwadanganye. "Nilijifunza," nikasema, "kwamba maji yasipopanda, usiilaumu pampu kwanza. Angalia kama hewa imeingia. Uitoe taratibu, ndipo uwashe tena."

Wote saba wakaandika. Yule wa Mbebe alipigia mstari.

"Hewa ni majivuno?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hewa ni hewa," nikamjibu. "Inaingia kwenye mpira wa dizeli ukiwa na ufa."

Akaandika na hilo pia.

Miezi michache baadaye padri alikuja kutupa mafungo. Wanovisi walikuwa wamemsimulia habari ya pampu na washa ya kiatu, na siku ya tatu alihubiri juu ya pampu ya roho: moyo ni kisima, neema ni maji, majivuno ni hewa, na mtumishi mwaminifu anakubali kukatwa kama ngozi ya kiatu kikuukuu ili awe washa ya kisima mikononi mwa Bwana. Hata kwa Marta na Maria hakufika. Wanovisi wawili walilia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, mikono nimeificha ndani ya mikono ya vazi, nikasikiliza mpaka mwisho. Yalikuwa mahubiri mazuri, ila washa aliiweka upande wa maji badala ya upande wa dizeli, na kwa mpangilio ule maji yasingepanda hata tone.